Kikundi: Ukoo wa Bi Zuhura

Bi Zuhura: Assalaam aleikum. Pusi wangu anamaliza sahani ya dagaa na bado analilia jikoni, lakini mgongo umebaki mifupa. Dawa ya minyoo nimempa, wapi!

Salma: Waaleikum salaam. Shikamoo Bibi. Ana miaka mingapi?

Bi Zuhura: Marahaba mwanangu. Rika moja na Tima, 13.

Ami Rashid: Uzee tu huo. Mwacheni apumzike.

Salma: Apumzike vipi Ami, na usiku kucha anazunguka nyumba akilia? Bibi, hebu mwekee mkono kifuani.

Bi Zuhura: Moyo wakwenda mbio kama cherehani!

Salma: Basi huenda ni tezi ya shingo, thairoidi. Paka wakishapita miaka 10 huwapata sana. Tezi inavimba, inamwaga homoni kupita kiasi, chakula chote kinaungua mwilini. Mara nyingi si saratani. Apimwe damu, ile T4 (homoni ya tezi hiyo), na figo na presha.

Halima: Presha ya paka tena 😂

Salma: Cheka tu. Ikipanda sana anapofuka.

Bi Zuhura: Nina karbimazoli zangu za goita. Nimkatie robo?

Salma: Usithubutu Bibi! Dawa yako na ya paka ni za jamii moja, ila kipimo apange daktari wa mifugo. Wengi huanza na metimazoli miligramu 2.5 asubuhi na jioni, kisha damu inarudiwa baada ya wiki chache. Tezi ikichachamaa huficha ugonjwa wa figo. Ikitulia ndipo unajitokeza.

Halima: Pusi huyu? Atakula dagaa, kidonge akiteme kikavu.

Salma: Ipo ya kupaka ndani ya sikio, kwa glavu. Na wewe Halima na tumbo hilo, usishike dawa yake wala mchanga wake wa choo.

Nassir: Huku Toronto paka wa jirani alidungwa ayodini ya mionzi. Sindano moja, akapona. Ila walimzuia kwanza mpaka mionzi ipungue.

Ami Rashid: Bei?

Nassir: Ami, usiulize.

Ami Rashid: 🙆🏾‍♂️

Bi Zuhura: Na kupasuliwa?

Salma: Hufanywa, lakini vitezi vinavyosimamia kalisiamu mwilini viko papo hapo, vikiumia ni balaa. Tuanze na dawa. Akitapika, akikataa chakula au akijikuna uso sana, daktari aambiwe siku hiyo hiyo.

Bi Zuhura: Haya, nani ana gari kesho?

Ami Rashid: Nakuja saa tatu. Mtie kapuni, viti vyangu vipya.