Entebbe–Toronto: nijaze kilomita ngapi?

Dada wa Ntinda:
Shikamooni wakubwa, wadau hamjambo. Ofisi inayonifadhili imenirudishia fomu ya safari. Wanataka umbali na muda, maana posho ya njiani inatoka hapo. Naondoka EBB (Entebbe) saa 11 jioni, nabadilisha ndege ADD (Addis Ababa), nafika YYZ (Toronto) saa 2 asubuhi ya kesho yake. Nikajaza saa 15. Wamezungushia kalamu nyekundu, maelezo hakuna. Na umbali ni wa moja kwa moja au wa kupitia Addis?

Kaka wa Makindye:
Tiketi huandika saa za kila mji, dada. Toronto wako nyuma yetu saa 8, kwa hiyo ni 23. Mimi yangu waliirudisha kisa wino wa kijani.

Mzee wa Bugolobi:
Saba, si nane! Wale husogeza saa mbele Machi, wakazirudisha Novemba. Muulize mwenzio anasafiri lini kabla ya kumjazia fomu.

Kaka wa Makindye:
Mzee, mimi nilikwenda Januari. Ni nane.

Mzee wa Bugolobi:
Yeye amesema Januari?

Mama wa Kisaasi:
Jamani, taratibu. Moja kwa moja ni kama kilomita 11,760, ila ndege ya hivyo haipo. Kupitia Addis inafika 12,700 hivi, na ukizungukia Dubai unakaribia 14,800. Halafu kwa njia ya Addis, kwenda kunachukua saa nyingi kuliko kurudi. Bole, uwanja wa ndege wa Addis, iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, ndege haiwezi kuruka na mafuta ya kuvuka hadi kule. Sisi tulitua Dublin kuongeza. Kushuka marufuku, mikanda tukaambiwa tufungue, taa zote zikawashwa, na mtoto wa kiti cha nyuma akanipiga mateke ya mgongo hadi tuliporuka tena.

Mzee wa Bugolobi:
Enzi za East African Airways, ndege ya Super VC10 ilikuwa inatoka hapa Entebbe hadi London. 1977 wakubwa wakagombana, shirika likafa. Leo Uganda Airlines imefika Gatwick, London, 2025, tunapiga vigelegele!

Kaka wa Makindye:
Tumeanza siasa.

Bukoba Damu:
Mimi Toronto siijui. Napanda basi, mpakani Mutukula nagonga muhuri, jioni niko kwa mama nakula ndizi na samaki.

Dada wa Ntinda:
Asanteni, ila mwisho wa kurudisha fomu ni kesho. 11,760 au 12,700?

Mama wa Kisaasi:
Una kilo ngapi za mizigo, mwanangu? Mdogo wangu yuko Brampton, hapo jirani na Toronto, analilia senene, wale panzi wetu wa kuliwa.

Bukoba Damu:
Wakaushe vizuri, na awaandike kwenye fomu ya forodha.

Mzee wa Bugolobi:
Senene wa Masaka au wa Bukoba?