Mbolea ya serikali au kikundi cha makinga maji? Nina elfu ishirini tu

Shamba_la_Babu: Habari za jioni wakulima wa Kenya. Mvua inakaribia na mfukoni nimebaki na 20,000. Nichukue mbolea ya ruzuku, ile ya 2,500 kwa mfuko wa kilo 50, hela zote ziishie hapo? Ama nijiunge na kikundi cha kuhifadhi udongo ambacho kaunti inakisaidia, kuna kiingilio na michango ya kila mwezi? Mngekuwa ninyi mngefanya nini?

Mama_Kunde: Ekari ngapi? Kaunti gani? Mteremko au tambarare? Unapanda nini? Swali nusu, jibu mnataka zima.

Kijembe_Butu: Na udongo ulipimwa lini?

Ukingo_wa_Tatu: Mimi ni wa Makueni. Huku mtu asiye na makinga maji ya fanya juu huulizwa kama amehama. Chimba mtaro wa futi mbili, udongo urushe upande wa juu, ukingoni panda nyasi za ng'ombe. Misimu michache tu, shamba linaanza kulala sawa. Ukimwaga mbolea kwenye mteremko mtupu, umemnunulia jirani wa chini.

Debe_Tupu: Mbolea ya ruzuku msinitajie. 2023 nilijiandikisha kwa chifu, ujumbe ukaingia kwenye simu, nikafurahi. Nikapanda boda hadi ghalani (lipi, sisemi). Naambiwa ya kupandia imeisha, iko ya kukuzia. Nikuze nini na sijapanda? Nikarudi siku ya pili, foleni ikafungwa mbele yangu watu sita. Siku ya tatu mashine ikasema namba yangu haipo. Nilipopata mifuko yangu miwili, mahindi ya majirani yalikuwa yamefika magotini. Nauli peke yake ingeninunulia mfuko dukani. Mwaka uliofuata ndiyo ikaja ile habari ya mbolea feki, hadi serikali ikaahidi fidia.

Mama_Kunde: Pole baba, lakini mimi nimechukua misimu mitatu bila shida. Tena watu wanamfokea bure afisa wa kilimo wa wadi. Yule ni wa kaunti, mbolea ni ya serikali kuu. Ghala hana ufunguo wake.

Debe_Tupu: Hata kupokea simu hapokei.

Kijembe_Butu: Turudi kwa udongo. DAP, ile mbolea ya kupandia, kila msimu inazidisha asidi, na ardhi ikishakuwa chachu mmea unashindwa kutumia hata hiyo mbolea uliyoipangia foleni. Peleka sampuli KALRO, shirika la utafiti wa kilimo. Pengine unahitaji chokaa kwanza.

Mti_Ni_Mali: Mnasahau miti. Kanuni za miti shambani za 2009 zilitaka asilimia 10 ya shamba iwe na miti. Weka mikaratusi, baada ya miaka michache unauza nguzo, hulilii ruzuku ya mtu.

Ukingo_wa_Tatu: Mikaratusi! Ikaushe chemchemi halafu tuombe msaada wa visima?

Mti_Ni_Mali: Inategemea umepanda wapi.

Ukingo_wa_Tatu: Kila mtu husema hivyo.

Shamba_la_Babu: Samahani, nilikuwa kwenye matatu. Ni Vihiga, robo tatu ya ekari, mteremko mkali. Mahindi na maharagwe. Udongo haujawahi kupimwa.

Mama_Kunde: Robo tatu! Na ulitaka kumaliza 20,000 kwa mbolea? Mifuko minane utaiweka wapi, kitandani? Mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia, basi. Kinachobaki peleka kikundini.

Kijembe_Butu: Baada ya kupima.

Debe_Tupu: Kikundini aulize kwanza hela ni za nani. Kama ni za FLLoCA, ule mpango wa fedha za tabianchi, mradi unapitia kamati ya wadi. Msije mkachangishana miezi sita mkingoja mradi ambao haukuorodheshwa.

Ukingo_wa_Tatu: Makinga maji hayangoji mradi. Jembe, kamba na kipima usawa. Sisi tunachimbiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu.

Mama_Kunde: Na hatimiliki iko kwa jina la nani? Jina lako la humu linanitia wasiwasi.

Shamba_la_Babu: La marehemu babu. Baba wadogo wako watatu.

Mama_Kunde: Wanajua unataka kuchimba mitaro?

Shamba_la_Babu: Wawili wamekubali. Wa tatu yuko Nairobi, hashiki simu.

Debe_Tupu: Huyo ndiye atakayekuja mtaro ukishaisha, akiuliza mpaka umesogea kwa nini.

Mti_Ni_Mali: Mikaratusi yangu iko mbali kabisa na mto, mtu asinisingizie.