Farasi anachechemea, daktari kasema ni navikula, nitafute daktari wa pili ama niache?

BabaPendo_Naivasha

Habari zenu wadau. Niko na farasi jike wa miaka 11, alikuwa wa mashindano pale Ngong, alipostaafishwa nikamnunua, sasa ni mwaka wa nne anabeba wageni wikendi huku Naivasha, mwendo wa pole tu si kazi ya kumvunja. Mwisho wa Aprili nikamkuta asubuhi hataki kabisa kukanyaga mguu wa mbele wa kulia, jana yake alikuwa mzima. Kesho yake nafuu, wiki ikaisha nikasema yamekwisha, mara ikarudi ila si kali kama ile ya kwanza. Saa hii akitembea huwezi kujua, lakini akienda troti, zile mbio za pole, unaona kichwa kinaruka juu kila ule mguu ukigusa chini, na kwenye kokoto ndio kabisa.

Daktari akaja akadunga ganzi pande mbili kwa nyuma, juu kidogo ya kwato, tukangoja kama dakika kumi, farasi akakimbia utadhani hajawahi kuumwa. Akapiga eksirei moja akasema kuna kamfupa nyuma ndani ya kwato kanaitwa navikula kameharibika, hakuna tiba, nimpe byuti, dawa ya maumivu, kila siku na ikikataa tumdunge ile ya mwisho.

Sasa shida yangu ni kwamba huyu daktari ndiye peke yake huku anayeshika farasi, wengine ni wa ng'ombe na kuku, na ametufaa sana, kuna siku alikuja saa nane usiku na mvua. Nikiita mwingine si nimemtukana? Na nikikaa kimya nimuue mnyama kwa picha moja, pia usingizi hauji. Mama Pendo anasema pesa ya daktari wa pili ni karo ya muhula, hapo nimenyamaza.

SaisiMstaafu

Pole Baba Pendo. Mimi si daktari, nimeshika farasi miaka 26 Ngong na Gilgil, chukua haya kama maneno ya mtu wa zizini.

Kulala mzima na kuamka hakanyagi, mimi hiyo sijaiona kwenye navikula. Navikula huja kama deni la dukani, kidogo kidogo, farasi anafupisha hatua, anajikwaa, na mara nyingi ni miguu yote miwili ya mbele ndio maana hata ukimtia ganzi kulia unamwona anaanza kuchechemea kushoto. Wako alichechemea kushoto baada ya sindano? Jipu la ndani ya kwato ndilo linakuja usiku mmoja, na Aprili na Mei huwa ni msimu wake, kwato inalowa inakuwa laini, uchafu unapenya pale ukuta wa kwato unapokutana na wayo, unaoza huko ndani bila mlango wa kutokea.

Shika kwato zote mbili kwa kiganja uone kama ya kulia ina moto zaidi. Halafu weka vidole nyuma ya kifundo utafute mshipa, wa farasi mzima unautafuta mpaka unachoka, wa mwenye jipu unakupiga kidoleni wenyewe. Na uniambie, daktari alimfinya kwato na lile koleo kubwa? Kiatu alikitoa kabla ya picha?

BabaPendo_Naivasha

Koleo sikuliona mzee. Kiatu hakikutoka. Picha ilipigwa kwa ubavu basi. Kushoto hakuchechemea, alienda sawa kabisa. Nimetoka kushika sasa hivi, moto sioni tofauti lakini mshipa wa kulia unadunda zaidi, ama ni mimi natafuta cha kuona.

Paraveti_Nyandarua

Wengi wanakosea hapa kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo mnivumilie.

Ile sindano haikwambii ni navikula, inakwambia maumivu yako chini ya pale ilipodungwa, basi. Inatia ganzi kisigino chote cha kwato na pia sehemu kubwa ya wayo, kwa hiyo mwenye navikula atapona dakika kumi, na mwenye jipu, mwenye wayo uliochubuliwa na jiwe, hata aliyepigwa msumari karibu na nyama, wote wanaweza kukimbia vizuri vilevile. Na hiyo picha, farasi wengi waliokimbia mashindano ukipiga eksirei utakuta kamfupa kana alama na hajachechemea hata siku moja, sasa ukiamua kumuua kwa alama peke yake utamaliza nusu ya zizi. Picha za maana zinakuwa kadhaa, kiatu kimetolewa, ubavu, mbele, na ile ya kuchungulia kutoka nyuma farasi akiwa amekanyaga juu ya sahani ya picha, na mifereji ya chini ya kwato inajazwa ule udongo laini wa watoto wa kuchezea maana hewa ikibaki mle inatoa mistari myeusi unaweza kudhani mfupa umepasuka.

Sisemi daktari wako amekosea, anaweza kuwa sahihi kabisa, nasema alichofanya hakitoshi kumaliza maisha ya mnyama. Kuhusu matusi, toa hiyo hofu, madaktari wenyewe hupelekana wagonjwa kila siku. Mpigie mwambie "daktari nakushukuru, kabla sijafika kwenye sindano ya mwisho naomba mwenzako naye amwangalie, nisaidie picha na maandishi yako." Picha uombe faili yenyewe, si kupiga simu yako kwenye kioo cha kompyuta. Atakayekuja hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, sheria ipo tangu 2011, na ukikosa kabisa ulizia Kabete kwenye chuo cha madaktari wa mifugo wakuelekeze. Na byuti mwulize usimamishe siku ngapi kabla hajaja, maana farasi aliyekunywa dawa ya maumivu anamdanganya kila mtu, na hiyo ya kila siku bila kuangaliwa inakula tumbo na figo.

Seeb_Maskati

Huku Oman farasi wengi ni wa Kiarabu lakini mguu ni mguu. Mimi niliita daktari wa pili, akanambia yaleyale ya wa kwanza, kano kubwa ya nyuma ya mguu imechanika, nikalipa mara mbili kwa jawabu moja, na wallahi sijuti, nilimpumzisha miezi minane bila moyo kwenda mbio. Lakini sikiliza, wa pili usimwambie wa kwanza kasema nini, mwache aone mwenyewe kwanza.

Paraveti_Nyandarua

@Seeb hapo kidogo tunatofautiana kaka. Jina la ugonjwa sawa, unaweza kulizuia mpaka amalize kumpima. Lakini dawa alizopewa, siku alizochechemea na kwamba amewahi kutiwa ganzi, hayo ayajue kabla hajamgusa.

Amu_na_Punda

Sisi huku Lamu tuna ile kliniki ya punda tangu 1987, wangu alichechemea wiki mbili jirani zote wamempa ugonjwa wake, kumbe kipande cha matumbawe kimejificha chini ya kwato. Anza kwato, juu baadaye.

BabaPendo_Naivasha

Wadau nimerudi, zimepita siku kumi na mbili.

Nilimpigia daktari wangu nikiwa nimejitayarishia hotuba, akacheka akasema "leta mwenzangu, mimi pia nitakuwepo," hata yeye ndiye aliyenipa namba. Basi walikuwa wawili. Wa pili akaanza na koleo, akizunguka ukingo wa wayo pole pole, alipofika upande wa ndani karibu na ncha farasi akavuta mguu karibu amwangushe. Kiatu kikatoka, akakwangua kidogo tu, ikatoka maji meusi yenye harufu sitasahau. Halafu picha nne. Kamfupa kweli kana alama, na amesema hawezi kuapa kama kanauma ama hakaumi mpaka jipu lipone, pia ncha ya kwato imeachwa ndefu sana na visigino viko chini, hiyo inavuta huko nyuma. Kwa hiyo wa kwanza hakuota. Byuti nimeacha, pepopunda amechanjwa, anapimwa tena baada ya wiki tatu na mpiga viatu atakuwepo.

Sasa nasumbuka na kitu kingine, nimeambiwa kwato ikae kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya Epsom dakika ishirini kila siku, ndoo mbili amezipiga teke zimepasuka. Mnafanyaje?

SaisiMstaafu

Ndoo achana nayo. Tafuta tyubu kuukuu ya gurudumu la lori, kata kipande kirefu kama mkono, upande wa chini ukunje ufunge kwa mpira uzibe kabisa, mvishe kama soksi umimine maji kwa juu halafu funga kwa kitambaa usikaze sana. Mpe nyasi mbele yake, usimame upande wa bega.

BabaPendo_Naivasha

Tyubu ninayo. Kesho asubuhi.