Viwavi kwenye michungwa michanga: kuokota, mwarobaini, dawa ya bakteria au utupa?

Mchungwa_Ukerewe:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina michungwa 60 ya mwaka mmoja na nusu hapa Ukerewe, katika shamba linaloteremka hadi ufukweni. Tangu vuli ianze, kila chipukizi huliwa na viwavi ambao wakiwa wadogo hufanana na kinyesi cha ndege, na wakikua hugeuka kijani. Sumu za viwandani sizitaki, kwa kuwa maji ya kunywa tunachota ziwani na nina mizinga mitatu ya nyuki. Jirani ananisifia utupa, ule mmea wa kuulia wadudu. Ipi inafaa zaidi?

Mama_Shamba_Magu:
Huyo ni mtoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano, Papilio demodocus. Ukimgusa hutoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa, zenye harufu kali, lakini ni vitisho tu. Kwa miti 60 isiyofikia kimo cha mtu sioni haja ya kununua chochote. Pita mara mbili kwa wiki, ukague majani machanga, utaona mayai ya njano, moja moja, madogo kama kichwa cha pini. Yaminye kwa kucha. Kiwavi utakayemkuta na vifuko vyeupe kama punje za mchele mwache, maana nyigu wadogo wamekwisha kumaliza kazi yako.

Mstaafu_Ugani:
Nakubaliana na Mama Shamba, ila miti ikirefuka mkono hautafika, na hapo ndipo ulinganisho unapoanza. Mwarobaini ni rahisi: twanga gramu 500 za kokwa zilizomenywa, loweka usiku kucha katika lita 10 za maji, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo ili maji yashike jani. Usitarajie viwavi kudondoka siku hiyo hiyo, kwa kuwa kazi yake ni kuwaondolea hamu ya kula na kuwazuia wasijivue ngozi. Wengi hutumia majani badala ya kokwa, kisha hulalamika kwamba mwarobaini haufai. Nguvu yake kubwa imo kwenye mbegu.

Dawa ya bakteria, yaani Bacillus thuringiensis, lazima kiwavi aile pamoja na jani. Sumu yake hutoboa utumbo wake, naye huacha kula baada ya saa chache ingawa hufa baada ya siku kadhaa. Aina inayolenga viwavi haidhuru nyuki wala samaki, na kwa mwenye mizinga ningeitanguliza. Kasoro yake ni kwamba viwavi wakubwa huistahimili na jua huiharibu upesi, kwa hiyo pulizia jioni, viwavi wangali wadogo. Mwaka jana niliuziwa pakiti iliyokuwa imeanikwa juani dirishani mwa duka. Nilipulizia mara tatu na sikuona kiwavi hata mmoja akilegea.

Mvuvi_Mkulima:
Utupa usiuguse. Una rotenoni, na ndiyo maana wavuvi haramu huutwanga na kuumwaga majini ili samaki waelee. Kwa shamba linaloteremka ziwani, mvua moja ya usiku inatosha kuufikisha kwa sato wa jirani zako. Kwamba ni mmea haupunguzi sumu yake.

Misungwi_Maembe:
Hamjawataja majimoto, wale sisimizi wanaojenga viota vya majani mitini. Huku kwangu wanalinda miembe vizuri, na ukifunga kamba kati ya mti na mti wanavuka wenyewe. Gharama yake utailipa wakati wa kuvuna, kwa sababu wanauma bila huruma, tena wanafuga vidugamba, wadudu wadogo wanaofyonza mti, kwa ajili ya utamu wanaoutoa. Matunda yatakapoanza, ukiona tundu kwenye chungwa, huyo ni mdudu mwingine aliyemo ndani, ambaye dawa ya kupulizia haimfikii. Okota yaliyoanguka uyafukie kwa kina.

Mchungwa_Ukerewe:
Ahsanteni sana. Leo asubuhi mimi na wanangu wawili tumekagua miti 22 na kuokota viwavi 83, mdogo akicheka kila pembe zinapochomoza. Utupa nimeukataa. Swali limebaki moja: kokwa za mwarobaini zilizokaushwa kivulini zitunzwe katika gunia au katika ndoo yenye mfuniko?

Mstaafu_Ugani:
Gunia, mahali penye hewa. Kwenye ndoo iliyofunikwa zitaota ukungu.