Naomba ushauri: kura fupi ya siri ndani ya Moodle

Habari zenu wakuu. Nafundisha kozi ya mtandaoni kwenye Moodle (mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni), na nataka kila mada iishe kwa swali moja tu: umeelewa, kiasi, au bado? Wanafunzi wajibu bila kujulikana.

Nimejaribu Choice, zana ya Moodle ya kuuliza swali moja la kuchagua jibu. Ni nyepesi kweli, lakini hata ukiweka matokeo yasionyeshe majina, mwalimu bado anaona nani kachagua nini. Wanafunzi wakilijua hilo, nani atathubutu kusema hajaelewa? Feedback, zana yake ya dodoso, inaweza kumficha mhusika hata kwa mwalimu, ila kwa swali moja naona ni mzigo. Kubofya kwingi mno.

Je, kuna programu ya nyongeza inayoweka kura palepale kwenye ukurasa wa somo? Na inamzuiaje mtu kupiga mara mbili bila kuhifadhi jina lake?