"Hafungiki" ya 1 Kor 7:15: aliyetelekezwa anaweza kuolewa tena?

Mzee wa Usharika
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Baraza la wazee limepokea ombi la dada aliyetelekezwa, mwaka wa nne sasa. Mume hajulikani aliko, na wote wawili wamebatizwa. Dada anaomba kufunga ndoa nyingine. Wazee wamegawanyika: kuna wanaosimama kwenye Luka 16:18, inayokataza kabisa kuacha na kuoa tena, kuna wa Mathayo 19:9, inayoruhusu kwa uasherati, na kuna wanaosema 1 Wakorintho 7:15, kwamba asiyeamini akiondoka mwenzake "hafungiki", imemaliza kazi. Naomba hoja za maandiko, na utaratibu wa sheria hapa Tanzania.

Mwalimu wa Neno
Shikamoo mzee. Mathayo 19:9 iwekeni kando kwanza. Kighairi chake, yaani sababu pekee inayoitaja kuruhusu kuacha, ni uasherati, kwa Kigiriki *porneia*, na kutokuwepo nyumbani si ushahidi wa uasherati. Msimkisie mtu dhambi ili mpate mstari.

Ila msisome Luka 16:18 kama vile Mathayo hayupo. Mathayo 19:3 Mafarisayo wanauliza kama ni halali kumwacha mke "kwa kila sababu". Huo ndio ubishi wa wafuasi wa Hilleli na wa Shamai, walimu wawili wa sheria wa Kiyahudi, juu ya "neno ovu" la Kumbukumbu 24:1. Wa Shamai walilibana kwenye zinaa. Wa Hilleli walikubali hata mke akiunguza chakula. Marko 10:2 maneno "kwa kila sababu" hayamo, na kighairi nacho hakimo.

Sasa 7:15. Biblia ya Muungano imetumia "kufungwa" mstari wa 15 na wa 39, ukadhani Paulo anarudia neno lile lile. La. Mstari wa 15 ni *douloō*, kutiwa utumwani. Mstari wa 39, "mwanamke hufungwa maadamu mumewe yu hai", ni *deō*, kufunga. Anayejenga ruhusa ya kuolewa juu ya "hafungiki" peke yake amejenga juu ya tafsiri ya Kiswahili. Mimi nabaki na mstari wa 11: akae asiolewe, au apatane na mumewe.

Mchungaji msaidizi
Mwalimu, kuhusu maneno hayo mawili uko sahihi, lakini mstari wa 11 unamhusu mke aliyeondoka mwenyewe. Huyu ameondokewa. Na katika dunia ya Paulo, hati ya talaka ya Kiyahudi kiini chake kilikuwa mke kuwa huru kuolewa na mwanamume yeyote. Kuachika bila ruhusa ya kuolewa kungehitaji maelezo, na mstari wa 15 hauyatoi.

Ugumu halisi, mzee, ni kwamba mstari wa 12 hadi 15 unamtaja asiyeamini, na mume huyu amebatizwa. Wanaoruhusu hupitia Mathayo 18:15-17: aonywe faraghani, kisha mbele ya mashahidi, kisha kanisa, asiposikia ahesabiwe kama mtu wa mataifa, yaani asiyeamini, ndipo mstari wa 15 umhusu. Ungamo la Westminster nalo, ungamo la imani la makanisa ya Kipresbiteri, sura ya 24, linakubali utelekezaji wa makusudi ambao kanisa wala serikali haviwezi kuuponya. Kwa hiyo andikeni kila jitihada ya kumtafuta: ndugu zake, wasimamizi wa ndoa, usharika alikotoka. Makanisa mengi hukosea hapa. Yanajadili mistari miezi sita, na hakuna aliyekwenda kwa wakwe kuuliza.

Wakili mstaafu
Kwa sheria: kikao cha wazee hakivunji ndoa, na cheti cha Baraza la usuluhishi si talaka. Anayevunja ni mahakama, kuanzia ya mwanzo, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Utelekezaji wa makusudi wa miaka 3 au zaidi ni ushahidi kwamba ndoa imevunjika, hivyo muda umetimia. Kwa kawaida shauri huanzia kwenye Baraza, na cheti chake kisizidi miezi 6 siku ya kufungua madai. Wengi hukwama hapo: cheti kimekaa kabatini mwaka mzima. Lakini kifungu cha 101 kinamwondolea sharti la Baraza mwenye mwenzi aliyemtelekeza na asiyejulikana aliko. Aeleze hivyo wazi kwenye madai. Akifunga ndoa ya pili kabla ya talaka, ndoa hiyo ni batili, hata ikibarikiwa madhabahuni.

Katekista
Kama ndoa ilifungwa Kanisa Katoliki, talaka ya mahakama haimpi ruhusa ya kufunga nyingine kanisani. Haki ya Kipaulo, ya kuvunja ndoa ya wawili wasiobatizwa mmoja wao akibatizwa na mwingine akaondoka, haipo pia, maana wote wamebatizwa. Kilichobaki ni kuomba mahakama ya Kanisa ichunguze kama ndoa ilikuwa halali siku ile ya kiapo. Tangu Desemba 2015 hukumu moja inatosha isipokatiwa rufaa. Utelekezaji wenyewe hauibatilishi ndoa. Wanachotafuta ni hali ya ridhaa wakati wa kufunga ndoa, kwa hiyo atafute mashahidi waliowajua wakiwa wachumba.

Mzee wa Usharika
Asanteni sana. Sisi ni Walutheri. Jumamosi wazee wawili wanakwenda kwa wakwe.