Kisu cha Ba'mdogo: gumzo la kikundi cha "Wajukuu wa Muheza"

Rama Uswidi: Shikamooni wakubwa wote. Tiketi nimeshakata, mwezi wa kumi na mbili nipo nyumbani inshallah. Ba'mdogo ulisema simu hutaki viatu hutaki, unataka kisu. Sasa nieleze vizuri maana huku visu viko vya kila namna

Ba'mdogo Salimu: Marahaba mwanangu. Nataka kisu cha porini, cha ala, kisichokunjwa. Hii okapi yangu ya kukunja imelegea pale kwenye kikunjo, ukikandamiza kidogo inataka kukufungia vidole. Sitaki kikubwa sitaki kidogo, cha kati

Hamza: Cha kati ndo kipi ba'mdogo toa vipimo 😂

Ba'mdogo Salimu: Ubapa uwe upana wa kiganja changu, vidole vinne na gumba

Rama Uswidi: Hiyo ni kama sentimita 10 hivi, ikizidi 11. Safi, ndo saizi wanayoipenda wengi hata huku kwa wavuvi na watu wa misituni

Hamza: 📷 Picha
Wakuu hiki mnakionaje?? nimekiona Kariakoo, mgongoni kina meno ya msumeno, mpini una uwazi ndani unaweka kiberiti ndoana na uzi, alafu kwenye kizibo kuna dira!!

Ba'mdogo Salimu: Hicho cha kupigia picha. Mpini ukiwa mtupu ndani maana yake msuka haupo, yaani ule mkia wa ubapa unaoingia ndani ya mpini, ubapa umeshikwa na nati tu pale shingoni. Siku ukikikandamiza kwenye mti mkavu ubapa unabaki mtini, wewe unabaki na dira

Zawadi: 🤣🤣 angalau utajua umepotelea upande gani

Hamza: Na meno ya mgongoni je si yanasaidia

Ba'mdogo Salimu: Kukata mti hayakati, yanachana ala basi. Na yanakuzuia kuweka gumba mgongoni. Kijana wangu kazi nyingi za kisu porini gumba linakaa mgongoni, unachonga vigingi vya hema, unamenya muhogo, unatoa mwiba kwenye kiatu, mgongo lazima uwe laini. Ndo maana hata sime sichukui, nzuri kwa mwenyewe Mmasai anajua matumizi yake, ila ina makali pande mbili gumba utaliweka wapi

Hamza: Duh hapo umenimaliza

Shangazi Mwanaidi: Assalam aleikum. Kwani mnaenda vitani?

Zawadi: Waaleikum salaam shangazi, ba'mdogo anaagiza kisu Ulaya

Shangazi Mwanaidi: Ulaya!! Na yule mhunzi anayetutengenezea majembe miaka yote hii kafa?

Ba'mdogo Salimu: Hajafa dada. Kile ninachotumia shambani ni chake, kakitoa kwenye springi ya lori, chuma kizuri sana kile, na yeye anajua kuchovya, anakitia kwenye oili chafu si kwenye maji, makali yanakaa. Shida siku hizi vijana wake wanamalizia kwa grainda. Wanasaga mpaka chuma kinageuka bluu pale ncha, ukishaona ile bluu ujue ugumu umeshatoka, unanoa leo kesho kimelala. Na shida ya pili kutu, mimi wiki nzima naweza kuwa kule msitu wa Amani na wanafunzi wa mimea, Amani yenyewe mnaijua, nguo unaanika asubuhi jioni imelowa zaidi ya ulivyoianika

Rama Uswidi: Hapo ndo nilitaka tufike. Ba'mdogo kuna mji huku unaitwa Mora, juu kule Dalarna, kampuni yao ya visu ipo tangu 1891. Kuna kimoja kinaitwa Companion, ubapa sentimita 10.4, unene milimita 2.5 kile cha stenlesi, na cha chuma cha kaboni pia kipo. Mafundi ujenzi huku kila mtu anacho kiunoni, ndoo ya rangi wanafungulia hicho hicho, wala si cha kuwekwa kabatini. Alafu kuna kaka yake anaitwa Garberg, sentimita 10.9, unene milimita 3.2, huyo msuka wake unapita kwenye mpini wote mpaka unatokeza nyuma. Sema bei yake unaweza kununua Companion kadhaa

Hamza: Chukua Garberg!! msuka mpaka mwisho ndo kisu hicho, unaweza kupasulia kuni unapiga mgongo na gogo, nimeona watu wanafanya hivyo kwenye video

Ba'mdogo Salimu: Kuni nazipasua kwa kisu kwa nini

Hamza: Si ukiwa porini

Ba'mdogo Salimu: Porini nakwenda bila panga??

Zawadi: 😂 Hamza leo umekutana na mwenyewe

Ba'mdogo Salimu: Sikiliza nikwambie, hao wa kwenye video wana kisu kimoja tu kwa hiyo kisu kinafanywa shoka, kinafanywa panga, kinafanywa nyundo, lazima kiwe kinene. Sisi huku mtu anatoka nyumbani na panga hata kama anaenda kuchukua mchicha. Dafu panga, njia panga, kuni panga, nyoka panga. Sasa kisu kinabakiwa na kazi ndogo ndogo za kukata vizuri, na kukata vizuri ni wembamba. Kinene unakiingiza kwenye nanasi kinapasua badala ya kukata, maji yote chini. Kwa hiyo hizo milimita 2.5 mimi zinanitosha sana, hiyo 3.2 mpe asiyekuwa na panga

Rama Uswidi: Ba'mdogo umeongea kitu ambacho huku wanabishana mwaka mzima

Zawadi: Ila msuka wa hicho chembamba haufiki mwisho sio? hakitang'oka kama kisu changu cha jikoni, mpini unazunguka wenyewe 😭

Rama Uswidi: Haufiki mwisho ndio, ila umeingia ndani mbali na ule mpini wameumwagia plastiki juu yake moja kwa moja, hakuna gundi hakuna ribiti ya kulegea. Kwa kukata na kuchonga hautoki. Ukianza kung'olea misumari hapo ndo utautafuta

Ba'mdogo Salimu: Mpini unateleza? mkono ukiwa na utelezi wa samaki

Rama Uswidi: Una raba raba fulani unashika, na mbele kuna kinundu cha kuzuia vidole visiende kwenye makali. Kidogo tu lakini kipo. Visu vingine vya asili vya huku havina kabisa, vizuri kwa kuchonga mbao ila kwa samaki ningeogopa

Shangazi Mwanaidi: Muhimu kinundu. Mimi kovu hili la kidole mnalijua, samaki changu, kisu kisicho na kinundu

Hamza: Ala yake ya ngozi?

Rama Uswidi: Companion ni plastiki

Hamza: Aaah ya plastiki haina heshima bana

Ba'mdogo Salimu: Heshima gani, ngozi ikilowa Amani inaota ukungu mweupe, alafu inakaa na maji ndani kisu kinalala humo humo. Rama hiyo plastiki ina tundu chini?

Rama Uswidi: Ina tundu, maji yanatoka. Kisu kinabana chenyewe kwa mlio ukikiingiza, hakihitaji kifungo

Ba'mdogo Salimu: Basi

Mama Rama: Rama hicho kisu usije ukakiweka kwenye begi la mkononi!!! wakakushusha kwenye ndege

Rama Uswidi: Mama kitakwenda kwenye begi kubwa la chini, nakifunga ndani ya maboksi na nguo. Hata huku mtaani huwezi kutembea nacho hivi hivi, sheria yao kisu hadharani lazima uwe na sababu kama ni kazi au unaenda kuvua, ukiingia nacho mjini kunywa kahawa polisi watakuuliza

Mama Rama: Haya mwanangu. Na nguo za baridi acha huko huko

Rama Uswidi: Tumalizie, kaboni au stenlesi? Kaboni inanoleka upesi inakamata makali makali hasa, ila kutu. Stenlesi ya hao jamaa sio kama zile visu vya sokoni laini, ile inakaa na kwenye jiwe inakubali

Shangazi Mwanaidi: Mimi naongelea fenesi. Kisu cheusi kile cha mhunzi ukikatia fenesi au embe bichi au ndimu kinabadilika rangi, na chakula kinachukua ladha ya chuma. Cheupe hakifanyi hivyo

Zawadi: Ulimbo wa fenesi hautoki kwenye kisu chochote shangazi

Shangazi Mwanaidi: Unapaka mafuta kwanza wewe! Unapaka kisu mafuta ya nazi pande zote mbili mpaka kwenye shingo pale kinapoingia mpini, na viganja vyako, ndo unakata. Ulimbo unafutika na karatasi. Ukisahau ukakata kikavu utakuja kuusugua na mafuta ya taa na mpini utanuka mwezi mzima

Ba'mdogo Salimu: Stenlesi. Kaboni ninayo tayari ya mhunzi, siwezi kuagiza Ulaya kitu nilichonacho Muheza

Hamza: Alafu utakinoaje ba'mdogo, wenzetu wana mashine

Rama Uswidi: Hapana ni rahisi mno. Makali yake yana mteremko mmoja mpana kila upande. Unaulaza mteremko wote kwenye jiwe mpaka unausikia umekaa, unasukuma, wenyewe unakuonyesha pembe, huna haja ya kukisia

Ba'mdogo Salimu: Jiwe la mtoni linatosha?

Rama Uswidi: Linatosha kama liko bapa, likiwa na shimo katikati litakuharibia mteremko. Ntakuletea dogo la pande mbili

Ba'mdogo Salimu: La kwangu lina shimo, kila mtu wa mtaa ananolea panga hapo

Zawadi: Rangi gani sasa, nimeangalia kuna kijani cha jeshi, nyeusi, bluu, chungwa

Hamza: Kijani cha jeshi!!!!

Ba'mdogo Salimu: Chungwa. Kijani nikikiweka chini kwenye majani ya Amani nitakitafuta mpaka giza, kile cha mhunzi mpini wake wa mti nimeshaufunga kitambaa chekundu kwa sababu hiyo hiyo

Zawadi: Muheza na chungwa tena, imekaa

Shangazi Mwanaidi: Rama lete viwili. Hicho kingine mimi cha jikoni, bluu

Rama Uswidi: Sawa shangazi, Companion stenlesi chungwa moja bluu moja na jiwe. Hamza wewe?

Hamza: ...Garberg 🙈

Ba'mdogo Salimu: Mwambie anunue panga kwanza

Mama Rama: Na dawa yangu ya kuchua magoti Rama, ile ya kopo jeupe, usinisahau kwa ajili ya visu